Watu wanaona tumbo kabla ya kuona mchezo

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini sumo, mieleka ya Kijapani, haina mashabiki wengi nje ya Japani, na kama kuishabikia si kuusifia unene. Naifuatilia kwa miaka kadhaa sasa, na kwangu maswali hayo mawili ni moja: watu wanaona tumbo, wanaishia hapo.

Pambano huwa la sekunde chache, ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 4.55. Ukitoka nje, au ukigusa chini kwa kitu chochote isipokuwa nyayo, umeshindwa. Sumo ya kulipwa haina madaraja ya uzito, ndiyo maana wengi huongeza mwili. Lakini mwanamieleka Chiyonofuji, mwenye kilo kama 120 tu, alitwaa ubingwa mara 31 akiwabwaga watu waliomzidi mbali. Konishiki, aliyepita kilo 270, hakuwahi kufikia cheo cha juu kabisa cha yokozuna.

Sisemi uzito ule hauna madhara, magoti yao yanaumia kweli. Kinachoniuma ni sisi wenyewe. Mwanaume mwenye kitambi na gari tunamwambia maisha yamemkubali, ila dada mnene akitoka kukimbia alfajiri anazomewa "bonge". Binti wa shangazi yangu aliacha mazoezi kwa sababu hiyo, na hajarudi tena.

Ukitaka kuanza kutazama, mashindano makuu ni 6 kwa mwaka, kila moja siku 15. La kwanza hufanyika Tokyo mwezi Januari. Usikose siku tatu za mwisho.