Maswali yenu kuhusu Lauterbrunnen

Tangu niandike juu ya bonde la Lauterbrunnen huko Uswisi, maswali hayakatiki. Walioulizia bei ya tiketi za ndege waende kwa mawakala.

Nina pumu. Hewa ya bondeni haitanishinda? (Mama, Nyegezi)

Mama, kijiji kile kiko kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Ziwa letu la Viktoria hapa Mwanza liko mita 1,134, kwa hiyo utakuwa umeshuka. Pumzi zitakusumbua ukipanda Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho mita 3,454. Kabla ya kwenda huko, mwone daktari wako.

Tuna siku moja tu. Twende Jungfraujoch? (Buzuruga)

Jamani, hili mpaka lini? Kwanza tazameni mlima, ndipo mkate tiketi. Asubuhi kamera za kule juu huonekana bure kwenye simu. Mkikuta weupe mtupu, ni mawingu, na mkipanda mtaukuta weupe huohuo. Kiangazi nauli bila punguzo inapita faranga 200, halafu mtu anarudi na picha yake amesimama kwenye ukungu, anaringa nayo kwenye kundi la WhatsApp.

Siku ya mawingu bakini bondeni. Maporomoko ya Staubbach yanamwagika karibu mita 300 ukutani, mnayaona kwa miguu tu kutoka kituoni. Kisha nendeni Trümmelbach: maporomoko kumi ndani ya mwamba wenyewe, yakipitisha maji ya barafu ya milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau, hadi lita 20,000 kwa sekunde. Humo mvua haiwahusu, ila vaeni makoti, mtarushiwa maji. Majira ya baridi hufungwa. Bonde lenyewe ndilo la kutazama. Wengi wanalipita mbio kama abiria wa daladala aliyekosea kituo.

Euro zinatumika? (Igoma)

Faranga. Nimeshaandika.

Visa ya Schengen inatosha? (Pasiansi)

Inatosha, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Na yule kijana anayekwambia ana mtu wake ubalozini, usimpe hata shilingi.

Tukodi gari hadi Mürren? (Ilemela)

Mürren na Wengen ni vijiji visivyo na magari. Mtaegesha Lauterbrunnen. Wengen mtapanda treni. Mürren mtaanza na gari la nyaya, kisha treni.

Kwa nini unasifia milima ya watu na Kilimanjaro tunao? (Kirumba)

Kilimanjaro una mita 5,895, Jungfrau 4,158, hakuna anayebisha. Ila treni inawapeleka watu Jungfraujoch tangu 1912, bibi na mjukuu wake. Nawe ndugu yangu, kisiwa chetu cha Saanane umeshafika? Ni dakika chache tu kwa boti.

Sisi tumepanda mawe ya Mwanza kwa kandambili tangu utotoni. Barafu itatushinda? (Vijana, Mabatini)

Itawashinda. Jabali letu unaliona lote. Barafu ina nyufa zilizofunikwa na theluji, unakanyaga unazama. Msitoke nje ya njia iliyowekewa alama, na bila kiongozi na kamba msithubutu. Huko chini fuateni rangi za alama za njia: kibao cha njano, raba zinatosha; nyeupe-nyekundu-nyeupe, vaeni buti; nyeupe-bluu-nyeupe, rudini. Na kiangazi muanze mapema, maana radi hupenda kupiga alasiri. Kandambili ziacheni hotelini.