Vifaa vinavyokaribia kukosa msaada wa mtengenezaji: anza kuhesabu kutoka kwenye bajeti

Mkuu, umesema ofisi yenu ya serikali ina kompyuta nyingi za Windows 10, seva (kompyuta inayohudumia nyingine) ya Windows Server 2016 na swichi za Cisco Catalyst 2960-X (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao), na kila ukigusia kubadilisha bosi anakujibu "mbona bado zinawaka?" Nimefanya kazi ya TEHAMA kwenye taasisi kama hiyo kwa muda mrefu, nakueleza ninavyofanya.

Seva yako itaendelea kuwaka vizuri tu baada ya 12 Januari 2027. Kitakachokuwa kimekoma ni masasisho ya usalama kutoka Microsoft, na tundu lolote litakalogunduliwa baada ya hapo litabaki wazi. Hilo mwambie bosi mapema, ila usimpe tarehe hiyo peke yake. Irudishe nyuma mpaka ikutane na mwaka wa fedha.

Wetu unaanza 1 Julai. Bajeti ya 2026/27 hata ikipita yote, fedha haziji siku hiyohiyo. Kuna zabuni ya kupitisha kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa njia ya mtandao, kuna mzabuni anayesubiri mzigo ufike bandarini, halafu kuna kuhamisha data na kuijaribu mifumo huku seva ya zamani ingali hai. Toka Julai hadi Januari ni miezi sita, na inaliwa yote. Ndiyo maana seva inatakiwa iwe ombi la kwanza la mwaka huo, na maelezo ya kiufundi yawe yameshaandikwa kabla ya Julai.

Swichi ndizo zinazoponza wengi. Msaada wa 2960-X unafika mwisho 31 Oktoba 2027, na mtu akiona hivyo anazisukuma kwenye bajeti ya 2027/28. Mwaka huo unakupa miezi minne tu. Zaidi ya hapo, tangazo la Cisco la kusitisha swichi hizi lina tarehe kadhaa: ya mwisho kuuzwa (kwa hizi ilikuwa 31 Oktoba 2022), ya kuacha kutengeneza programu mpya za kifaa, ya mwisho kuhuisha mkataba wa huduma, ndipo inakuja ile ya mwisho kabisa. Soma zote, kwa sababu marekebisho ya programu hukoma mapema kuliko msaada wenyewe. Ningekuwa mimi, swichi zinazobeba seva na kaunta za malipo ningeziombea 2026/27, za vyumba vya kawaida zifuate.

Kompyuta sasa. Windows 10 ilifika mwisho 14 Oktoba 2025, kwa hiyo hapo tayari mmechelewa na uamuzi ni wa haraka. Microsoft wanauzia taasisi masasisho ya ziada kwa miaka isiyozidi mitatu: bei yao ya kawaida ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Hata ukianzia mwaka wa pili unalipia na wa kwanza. Jumla dola 427, na mwisho wa yote unabaki na mashine ileile. Hesabu hii ndiyo iliyofungua mlango kwa bosi wangu. Hadithi za wadukuzi alikuwa amezisikia sana, hazikumgusa.

Na tafadhali, kama kuna anayetaka kuokoa fedha kwa kununua kompyuta zilizotumika, mkague prosesa (chipu kuu ya kompyuta) kabla hamjalipa. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel karibu zote zinazokubalika zinaanzia kizazi cha 8. Core i5-7500 ni kizazi cha 7, haimo kwenye zinazokubalika, i5-8500 imo. Kwa macho mashine hizo mbili zinafanana, na muuzaji atakwambia zote ni "Core i5, kali sana". Inauma kuona fedha ya umma inanunua kifaa ambacho muda wake ulishapita kabla hakijafika ofisini.

Kwa kitu ambacho hakibadilishiki kirahisi, mfano kompyuta iliyofungwa na mashine ya maabara, itenge kwenye mtandao wake, ikatie intaneti, na uzuie flashi za kila mtu.

Yote haya yaweke kwenye jedwali moja la Excel: kifaa, siriali namba, kilipo, kinabeba kazi gani, tarehe ya mwisho wa msaada, mwaka wa fedha wa kukiombea, makadirio ya bei. Tarehe zichukue kwenye kurasa za watengenezaji wenyewe, usiamini za muuzaji. Safu ya "kinabeba kazi gani" mjaze pamoja na wakuu wa idara, maana wao ndio wanaojua huduma gani ikisimama wananchi watapanga foleni mpaka nje. Jedwali hilo mpe mhasibu kabla maombi ya bajeti hayajafungwa, na nakala moja abaki nayo bosi.