Uvimbe nyuma ya goti: vena imeganda, au ateri imepasuka?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Mimi ni tabibu wa chumba cha dharura. Hivi karibuni nilimpokea mzee wa miaka 76 aliyeshikwa ghafla na maumivu makali nyuma ya goti la kulia. Alipofika, shavu la mguu lilikuwa limevimba na ngozi imevilia damu. Altrasaundi ya vena ilionyesha damu imeganda, nami nikamwanzishia heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Saa chache baadaye uvimbe ulizidi, hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) ikashuka, na akashindwa kuinua unyayo. CT skani ya mishipa ikaonyesha aneurizimu, yaani sehemu ya mshipa iliyotuna, ya ateri ya nyuma ya goti, nayo imepasuka. Alipasuliwa, mguu ukaokolewa, ila unyayo bado ni dhaifu. Ningeitambuaje mapema? Na kwa nini hawakumwekea stenti, kijibomba kinachopachikwa ndani ya mshipa, ambayo nasikia ni nyepesi zaidi kwa mzee?

JIBU: Marahaba. Kwanza niseme kwamba altrasaundi yako haikukudanganya. Ateri na vena hupita pamoja katika nafasi finyu nyuma ya goti, zimebanana na neva. Ateri ikituna, na zaidi ikipasuka, damu inayomwagika huikandamiza vena, na damu ya vena ikikosa pa kupita huganda. Kwa hiyo mgonjwa wako huenda alikuwa na bonge la kweli kwenye vena, lakini lilikuwa tokeo tu. Chanzo kilikuwa sentimita moja pembeni, kwenye mshipa ambao hakuna aliyeombwa kuutazama. Hapo ndipo wengi huteleza, maana jibu la kwanza likipatikana, utafutaji husimama.

Ugonjwa wenyewe huwapata zaidi wanaume waliovuka miaka 60. Ateri hiyo kwa kawaida ina upana wa milimita 7 hadi 9 hivi. Ikifikia sentimita 2 wapasuaji wengi hushauri itengenezwe hata kama haiumi. Mara nyingi hatari yake ni kuziba, au kurusha mabonge madogo yanayokwenda kuziba mishipa ya unyayo. Kupasuka ni nadra, asilimia chache tu ya wagonjwa, ndiyo maana hakuji haraka akilini mwa mtu aliye zamu usiku.

Dalili zilikuwepo, hata hivyo. Vena iliyoganda huvimbisha mguu polepole, kwa saa nyingi au siku, na maumivu yake ni ya kuchosha. Maumivu yanayolipuka kwa dakika chache ni ya aina nyingine. Kuvilia damu pia ni ishara, maana damu iliyoganda ndani ya vena haitoki kuitia ngozi rangi. Hizo mbili zinaweza kutokea pia kifuko cha Baker (uvimbe wa majimaji ya goti) kikipasuka, lakini hemoglobini inayoshuka na unyayo unaolegea vinapaswa kukurudisha kitandani mbio. Usingoje shinikizo la damu lianguke. Misuli na ala (utando mgumu unaoizunguka) za nyuma ya goti huibana damu isienee, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuzungumza nawe kwa utulivu huku mguu ukiharibika. Wala mapigo ya unyayo yakiwepo yasikutulize. Ateri iliyopasuka inaweza kuendelea kupitisha damu.

Kipimo cha kwanza ni vidole vyako. Kunja magoti yote mawili kidogo, weka vidole vya mikono miwili nyuma ya kila goti, bonyeza taratibu. Mapigo ya hapo kwa kawaida ni magumu kuyapata. Ukiyapata upesi mno, mapana, yanasukuma vidole vyako mbali, shuku. Upande uliovimba huenda usisikie kitu, kwa sababu kifuko cha aneurizimu kimejaa mabonge na nyama imekakamaa, ndiyo maana nasisitiza ushike na goti lisilovimba: karibu nusu ya wagonjwa hawa wana aneurizimu pande zote mbili. Kisha shika tumbo juu ya kitovu, maana wengi wana nyingine kwenye aota, ateri kuu ya mwili. Ukiandika ombi la altrasaundi, andika wazi "vena na ateri." Ni maneno matatu tu, na mpimaji akiwa na kifaa mkononi atahitaji dakika chache zaidi. Ukiona uvimbe wa nyuma ya goti usioujua, usiuchome sindano kabla ya kipimo hicho.

Heparini ikishaingia na ukagundua kosa, isimamishe na utoe protamini, dawa inayoizima heparini, takriban miligramu 1 kwa kila yuniti 100 za heparini ya saa chache zilizopita, bila kuvuka miligramu 50 kwa mkupuo, na iingie polepole. Kama ulitumia heparini ya molekuli ndogo, protamini itaizima kwa sehemu tu. Agiza damu, mpigie mpasuaji wa mishipa, na kama mgonjwa ametulia apelekwe CT skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa, kuanzia aota hadi vidole vya miguu. Akiwa anazimia, aende moja kwa moja chumba cha upasuaji.

Sasa stenti. Stenti yenye kitambaa huziba tundu kutoka ndani kupitia kinena, na kwa mzee mwenye moyo dhaifu inaweza kuwa ndiyo njia pekee anayoweza kuistahimili. Lakini haiondoi damu iliyokwisha kumwagika. Mgonjwa wako alikuwa na neva inayokufa kwa kubanwa, na neva haisubiri. Kwa kupita nyuma ya goti, mpasuaji hufungua kifuko, hukamua mabonge, hushona vijimshipa vinavyokilisha kwa ndani, kisha huunganisha ateri kwa kipande cha vena ya mgonjwa mwenyewe. Misuli ya mguu ikiwa imejaa shinikizo, ala zake hupasuliwa papo hapo. Zaidi ya hayo, goti hukunjwa maelfu ya mara, na stenti inaweza kuvunjika au kuziba. Na mgonjwa akiwa na homa au vijidudu kwenye damu, mimi binafsi naiogopa sana stenti: kuacha kitu cha bandia ndani ya ukuta uliooza kwa maambukizi ni kualika upasuaji wa pili mgumu kuliko wa kwanza.

Vijimshipa hivyo vina historia inayonivutia kila mara. Mwaka 1785, mjini London, mpasuaji John Hunter aliifunga ateri ya paja la dereva wa gari la farasi mwenye aneurizimu nyuma ya goti, wakati ambapo wengi kama yeye walikatwa mguu. Mguu ukabaki hai kwa sababu vijimshipa vinavyolizunguka goti vilichukua kazi. Vijimshipa hivyohivyo ndivyo leo vinavyotulazimu kufungua kifuko kilichopasuka: ukifunga ateri juu na chini na kuweka mchepuko (njia ya pembeni ya damu) tu, vinaweza kuendelea kukijaza.

Kuhusu unyayo, neva iliyobanwa bila kukatika inaweza kupona kwa miezi kadhaa. Apate kifaa cha kushikilia unyayo na mazoezi ya viungo tangu sasa, kifundo kisije kikakakamaa. Ile vena iliyoganda bado inahitaji dawa ya kuzuia kuganda, lakini siku ya kuianza aamue mpasuaji baada ya kuridhika kwamba kidonda hakitoi damu. Na kama goti lake la kushoto na aota havijapimwa, mwite wiki hii.