Gongo, Filimbi na Zamu ya Maegesho: Kuingia Kijiji cha Ireland

Mtu akihamia kijijini Ireland, awe amefuata kazi ya uuguzi, kiwanda cha nyama au ndoa, majirani watamsalimia kwa heshima, watazungumza naye habari za mvua, basi. Miaka miwili inaweza kupita hivyo. Si kwamba hawamtaki. Hawajui wamweke wapi. Kule mtu hupimwa kwa maswali mawili: mtoto wako anachezea wapi, na wewe mwenyewe unasaidia nini. Majibu yako kwenye uwanja ulio nje kidogo ya kijiji, wenye magoli marefu ya umbo la herufi H na kibanda kinachonuka chai na dawa ya kuchua misuli.

GAA, herufi utakazoziona getini, ni chama cha michezo ya asili kilichoanzishwa Thurles, kaunti ya Tipperary, tarehe 1 Novemba 1884. Kinasimamia hurling, mchezo wa gongo, na kandanda la Kigaeli, ambalo mpira hupigwa kwa miguu na kushikwa kwa mikono. (Gongo la hapa ni la kuchezea. Lile la kunywa nao wanalo la kwao, na visa vyake na polisi vinafanana na vya kwetu.) Klabu ni ya parokia. Hakuna dirisha la usajili wala mchezaji kuruka kutoka Simba kwenda Yanga usiku wa manane. Unachezea unapoishi au ulipokulia, na kuhama kunahitaji sababu na kibali. Tena hakuna anayelipwa mshahara, hata anayecheza fainali Croke Park, uwanja wa watu 82,300. Unayemshangilia kwenye televisheni Jumapili ndiye anayekuja kukutengenezea bomba Jumanne.

Usajili kwanza, gongo baadaye

Ada hulipwa kila mwaka, mwanzoni mwa mwaka, kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Foireann. Klabu nyingi zina ada ya familia, ambayo ni nafuu kuliko kusajili mmoja mmoja, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Kosa la kawaida ni kumpeleka mtoto "aonje" wiki mbili, kisha wiki mbili zikawa miezi mitatu. Mfuko wa majeruhi wa chama unamhusu mwanachama aliyesajiliwa tu. Kidole kikivunjika kabla ya ada kuingia, gharama ni yako.

Wazazi wa binti wawe macho. Camogie, yaani hurling ya wanawake, ina chama chake tangu 1904, na kandanda la Kigaeli la wanawake lina chake tangu 1974. Binti anayecheza yote mawili anaweza kuhitaji usajili mara mbili, na pengine klabu mbili tofauti. Usidhani fomu moja imemaliza kazi.

Sasa gongo lenyewe, ambalo wao huliita camán au hurley. Mzazi wa Kiswahili hulinunua kama anavyonunua viatu vya shule: kubwa, "atakua nalo". Hapo ndipo mchezo unapoharibika. Gongo likiwa refu, mtoto hulishika katikati, mkono wa juu unakosa nguvu, na bembea mbaya anayoizoea akiwa na miaka saba atabaki nayo akiwa na kumi na saba. Msimamishe wima akiwa na viatu, mikono imening'inia, gongo likisimama kando ya mguu wake. Ncha ya juu iishie usawa wa nyonga, na ukisita kati ya saizi mbili chukua fupi. Vipimo vyake ni vya inchi: wadogo huanzia ishirini na kitu, watu wazima wengi hutumia 32 hadi 36. Mkono wenye nguvu hukaa juu, hata kwa mtu ambaye mwili wake unataka kuuweka chini.

Kabla ya kulipa, ligeuze mwangani uangalie nyuzi za mbao. Gongo la asili huchongwa kwa mti uitwao ash, tena kutoka chini kabisa ya shina, pale mizizi inapoanza kutanuka, kwa sababu hapo nyuzi hupinda zenyewe. Fuata mstari mmoja kwa kidole kuanzia mpini hadi kichwa kipana kinachopiga mpira. Ukipinda pamoja na kichwa, nunua. Ukinyooka na kutokea pembeni, liache hata kama rangi yake inapendeza, maana litakatikia shingoni siku ya baridi ya kwanza. Ugonjwa wa kuvu unaoua miti hiyo uligunduliwa Ireland mwaka 2012, na mbao nyingi sasa zinatoka nje, ndiyo maana utaona pia magongo ya mianzi na ya plastiki ngumu. Kwa mtoto anayeanza ya plastiki hayana ubaya. La mbao usiliache karibu na hita wala kwenye buti la gari wiki nzima. Likikauka linapasuka, na utepe wa bati uliozungushwa kichwani unalegea na kuanza kukata mikono ya wenzake.

Helmeti yenye kinga ya uso ni lazima kwa kila mchezaji wa hurling tangu 2010. Usinunue iliyokatwa nondo moja "ili aone vizuri". Wachezaji wakubwa wamewahi kufanya hivyo, na kinga iliyochezewa haina bima. Kuna jambo ambalo kocha hatakwambia kwa kuwa hajawahi kulifikiria: nywele. Rasta nene zilizofungwa juu, au afro iliyobanwa utosini, huinua helmeti sentimita mbili tatu, na kidevu kinabaki wazi. Msuke twende kilioni, au fundo likae chini shingoni, kisha mvalishe helmeti hizo nywele zikiwa zimeshasukwa ndipo upime saizi. Kwenye kandanda la Kigaeli hakuna helmeti, ila kinga ya meno ni lazima.

Pembeni ya uwanja

Matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili, na mgeni hupotea hapo. Mpira ukiingia chini ya mtambaa panya ni goli, sawa na pointi 3. Ukipita juu yake katikati ya nguzo ni pointi 1. Fainali ya hurling ya 2025 kati ya timu za kaunti, Tipperary 3-27 Cork 1-18, maana yake ni magoli matatu (9) na pointi 27, jumla 36, dhidi ya 3 na 18, jumla 21. Waamuzi wa goli waliovaa makoti meupe watakusaidia: bendera ya kijani ni goli, nyeupe ni pointi. Kwenye kandanda, tangu 2025, mpira uliopigwa kutoka nje ya tao la mita 40 ukapita juu huhesabiwa pointi 2 na bendera huwa ya machungwa. Hurling haina hiyo, kwa hiyo usiidai.

Kwenye mechi za watoto wadogo usitangaze matokeo kabisa. Utaratibu wao unataka kila mtoto acheze, na klabu hazijumlishi. Kila mtu anajua nani kashinda; hakuna anayesema. Usimfokee mwanao kutoka pembeni wala usimfundishe juu ya sauti ya kocha. Vaa mabuti ya mpira, beba soksi za kubadili na mfuko wa plastiki wa viatu vya tope. Wazazi hupeana zamu za kubeba watoto kwenye gari. Kama huna gari, sema mapema na ujitolee kwa kitu kingine, mfano kufua jezi. Hili la jezi huthaminiwa kuliko unavyodhani, kwa sababu ni jezi ishirini na kitu zilizolowa tope na hakuna anayeitaka kazi hiyo.

Ukikosa la kuzungumza, una mtaji. Bruda Colm O'Connell, aliyemnoa David Rudisha, mkimbiaji wa mita 800, pale Iten, Kenya, ni mtu wa Cork, kaunti inayolala na kuamka na hurling. Wao nao watakutajia Seán Óg Ó hAilpín, ambaye mama yake anatoka Fiji na aliyekuwa nahodha wa Cork ilipotwaa kombe mwaka 2005, au Zak Moradi, Mkurdi aliyezaliwa Iraq akaja kuichezea Leitrim. Wanapowataja wanajaribu kukwambia kitu kuhusu mwanao. Kipokee.

Kazi ya kuombea wewe mwenyewe ni maegesho. Unapewa kizibao cha njano na kutumwa getini kuelekeza magari siku ya mechi kubwa. Kwa saa moja utasalimiana na parokia nzima, kila dereva akishusha kioo, na wiki inayofuata dukani watakuita kwa jina. Kazi ya jikoni inafuata: chai, sandwichi za yai na za nyama ya nguruwe, keki. Ukipeleka mandazi au sambusa, andika kikaratasi: ngano, mayai, maziwa, nazi. Asiyejua kilichomo hatagusa, na utarudi na ndoo nzima ukidhani wamekudharau. Wewe ukiulizwa kama utakunywa chai, "hapana" ya kwanza huchukuliwa kuwa ni adabu tu, na ya pili pia. Kama kweli hutaki, sema umetoka kunywa sasa hivi.

Anayetaka kufundisha watoto aanze mapema, kwani lazima apitie uchunguzi wa polisi wa rekodi yake, kozi ya ulinzi wa mtoto na kozi ya msingi ya ukocha. Hakuna njia ya mkato, hata kama kwenu ulichezea ligi.

Akifariki mtu wa klabu, wachezaji husimama safu mbili wakiwa na jezi au makoti ya klabu na jeneza hupita katikati. Nenda hata kama ulimjua kwa salamu tu. Foleni inasonga, unawapa mkono wafiwa mmoja mmoja, unasema pole, unatoka. Hili Mswahili halihitaji kufundishwa.

Baa yenye fidla

Upande wa pili wa kijiji ni muziki. Katika baa fulani, usiku fulani wa wiki, watu hukaa pembe moja na kupiga pamoja: fidla, filimbi, akodioni, konsatina, banjo. Huo ndio wanaouita seisiún. Mpenzi wa taarabu atatambua fidla na akodioni mara moja, kisha atakosea kwa kudhani kila mmoja ana nafasi ya kuonyesha madoido yake. Hapa wote hupiga wimbo uleule, sauti ileile, na asiyeujua hunyamaza akasikiliza. Wimbo una sehemu mbili za mizani minane, kila moja hurudiwa, jumla mizani 32. Mzunguko huo hupigwa kwa kawaida mara tatu, halafu wanaingia wimbo mwingine bila kusimama. Tazama macho ya aliyeanzisha; akiinua nyusi au akitoa sauti fupi ya "hup", wanabadili.

Viti vilivyo karibu na wapigaji si vya wateja. Usipige makofi ya kufuata mdundo, maana baa nzima huishia kuwakimbiza wapigaji. Pongeza wimbo ukiisha. Usitunze kwa noti kama kwenye taarabu. Ukitaka kushukuru, mwambie mhudumu awapelekee kinywaji, na kwa wasiokunywa pombe iwe soda au chai, ambayo hakuna atakayeishangaa. Akiinuka mtu kuimba peke yake, hata glasi usiigonge. Na uwe tayari: wakikuzoea watakuomba na wewe. Andaa wimbo mmoja wa nyumbani, beti tatu, bila ala.

Ngoma yao ni bodhrán, duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi, hupigwa kwa kijiti kifupi. Inapata shida zilezile za ngoma zetu: unyevu ukizidi ngozi hulegea na kutoa sauti ya sufuria lililofunikwa, moto ukiwa karibu hukaza hadi kupiga kelele. Sisi huikausha kwa moto; wao, huku baa ikiwa na jiko la kuni, mara nyingi huilowesha kidogo kwa maji ili ilegee. Moja inatosha kwa seisiún nzima, na ya pili hukaribishwa kwa tabasamu la jino tu. Ngoma yako ya nyumbani iache nyumbani hadi uombwe.

Mtoto huanza na filimbi ya bati, isiyofika Euro 20. Iwe ya ufunguo wa D. Ukinunua ya C kwa sababu ndiyo iliyokuwapo dukani, atafanya mazoezi mwaka mzima asiweze kupiga na mtu yeyote. Madarasa hutolewa na matawi ya Comhaltas, chama cha muziki kilichoanzishwa 1951, na mengi huanza Septemba. Hujifunza kwa sikio, kwa hiyo mrekodie mwalimu kwa simu. Sheria ya baa: aliye chini ya miaka 18 aondoke kufikia saa 3 usiku, au saa 4 kuanzia Mei hadi Septemba.

Kuhusu rangi za jezi za kaunti, angalia kabla ya kununua. Limerick ni kijani, Clare njano na bluu, Tipperary bluu na dhahabu, na kaunti hizo zimegusana. Jezi ya jirani utaivaa, ila uwe umejiandaa kwa utani wa jadi wa miaka mia na zaidi.

Jioni za kiangazi kuna kikundi cha kusafisha na kupanda maua kwa ajili ya Tidy Towns, shindano la kitaifa la unadhifu lililoanza 1958. Glovu na jembe dogo vinatosha. Kazi ya pamoja ya namna hiyo huitwa meitheal. Mpare angesema msaragambo.

Mkutano mkuu wa klabu hufanyika mwishoni mwa mwaka. Hudhuria, ada ikiwa imelipwa ili upate kura. Lakini kabla ya kuingia amua ni kazi gani unaiweza na uitaje mapema, kwa sababu aliyekaa nyuma kimya huchukuliwa kuwa hana pingamizi, na hutoka akiwa katibu msaidizi.