Msitupe kadi za karatasi mapema
Ndugu uliyeuliza kutoka Mbeya kama mfumo mpya wa kompyuta wa kurekodi dozi kwenye kitengo cha tiba ya mionzi ukiwashwa tu kadi za karatasi za wagonjwa ziende stoo: hapana, bado. Tumieni vyote viwili kwa wiki kadhaa. Wa kuangalia sana ni mgonjwa aliye katikati ya tiba. Tuseme kaandikiwa grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 50 kwa vipindi 25, na keshapata 12. Mfumo lazima usome grei 24 zimetolewa, kinachofuata ni cha 13. Mkimsajili kama mgeni, mfumo unaanza kuhesabu 1, na dozi itapitiliza bila kompyuta kulalamika. Mmoja aingize, mwingine ahakiki kadi ikiwa mkononi. Wagonjwa wapya ndio waanzie kwenye mfumo.

Namba ya mgonjwa iwe ileile kwenye CT skani, programu ya kupanga tiba na mashine. Kina Mwakyusa huko kwenu ni wengi, jina halitoshi.

Seva iwe na UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika mashine imetoa yuniti (kipimo cha mionzi inayotoka kwenye mashine) 120 kati ya 200, andikeni 120 palepale. 80 zilizobaki zitolewe mfizikia akishahakiki, si kubonyeza kuanza upya.