Mbona Byrne hakumla askofu?

SWALI: Mwalimu, salamu kutoka Kondele, Kisumu. Nimeirudia mara kumi ile gemu ya chesi ya Donald Byrne na Bobby Fischer, New York, 1956. Hatua ya 17 Fischer, mwenye nyeusi, anasogeza askofu e6 (mraba wa safu e, mstari wa 6) na kumwacha malkia wake aliwe. Byrne anamla, kisha anashindwa. Si angemla huyo askofu tu? Simu yangu inasema ni vibaya, lakini kwa nini haisemi.
Fundi wa pikipiki

JIBU: Fundi, zima simu upange kete mezani. Seti yangu hapa Nakuru ina farasi mmoja ambaye ni kizibo cha soda, na inatosha.

Haya, mle askofu pale e6. Malkia mweusi anakwenda b5, cheki, yaani mfalme anatishwa. Mfalme mweupe akimbilie g1. Farasi mweusi e2, cheki. Mfalme arudi f1. Farasi g3, na hapo ni cheki mbili kwa mpigo, ya farasi na ya malkia, kwa hiyo huwezi hata kumla huyo farasi. Mfalme g1 tena. Sasa malkia anajitupa f1! Ngome haina budi kumla, farasi anarudi e2, na mfalme anakabwa katikati ya ngome zake mbili na askari wake mwenyewe. Chekimeti. Icheze polepole, mara mbili.

Ndiyo maana Byrne alichukua malkia. Lakini Fischer alivuna ngome, maaskofu wawili na askari mmoja, akamaliza kazi hatua ya 41. Alikuwa na miaka 13.

Ila wewe umekwama mahali pasipo na shida. Rudi hatua ya 11, farasi wa Fischer anapokwenda a4, ukingoni kabisa, kama amepotea njia. Mfalme wa Byrne bado yuko katikati, hajafichwa pembeni. Akimla huyo farasi, farasi wa pili anakula e4 na kuwatisha malkia na askofu kwa pamoja. Malkia anayetolewa baadaye ni deni la hapo.

Kesho usiku funika karatasi yenye hatua za gemu kuanzia hatua hiyo, uandike unachodhani Fischer atacheza, kisha ufunue. Mimi, mara ya kwanza nilipofunua, niliandika pembeni kwa kalamu nyekundu, kialimu kabisa: “Mtoto amekosea.” Karatasi hiyo bado ninayo.