Maswali ya Wasomaji: Uwanja wa Ndege wa Baiyun, Guangzhou

SWALI: Naenda Guangzhou kununua mzigo. Nasikia uwanja wa Baiyun sasa una majengo matatu ya abiria. Nitajuaje nashukia lipi, na nitafikaje mtaa wa Xiaobei bila teksi? Kwa nini uwanja uko mbali hivyo na mji?
*Mfanyabiashara, Kariakoo*

JIBU: Anza na tiketi. Karibu na CAN, alama ya uwanja huo, utaona jengo lako: T1, T2 au T3. T3 ilifunguliwa tarehe 30 Oktoba 2025 na baadhi ya mashirika yakahamishwa, kwa hiyo maelekezo ya mwenzako aliyesafiri mwaka juzi huenda hayafai tena. Angalia upya siku ya kurudi pia. Ukishushwa jengo lisilo lako lipo basi la bure la kukuhamisha, ila kaunta haitakusubiri.

Metro ya laini ya 3 ina stesheni mbili uwanjani: Airport South kwa T1 na Airport North kwa T2. Ukishukia T3, panda kwanza basi hilo hadi T2. Chukua laini ya 3 hadi Jiahewanggang, badili uingie laini ya 2, shuka Guangzhou Railway Station, kisha laini ya 5. Kituo kimoja tu, umefika Xiaobei. Wengi hukosea kwa kubaki laini ya 3 hadi Tiyu Xilu, na huko jioni msongamano ni mkubwa mno kwa mtu mwenye masanduku. Ndege ikitua usiku wa manane metro imeshafungwa. Beba anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kichina umwonyeshe dereva wa teksi.

Kuhusu umbali: uwanja wa zamani, wa tangu miaka ya 1930, ulikuwa karibu na mlima Baiyun. Mji ukakua ukauzunguka, pasibaki pa kuongeza njia za kurukia. Tarehe 5 Agosti 2004 safari zikahamia uwanja mpya, kilomita 28 hivi kaskazini mwa katikati ya mji, na nafasi ya huko ndiyo iliyowezesha njia ya tatu ya kurukia mwaka 2015, T2 mwaka 2018, na sasa T3. Mwaka 2020, wakati wa Korona, Baiyun uliongoza duniani kwa idadi ya abiria, karibu milioni 43.8, kwa sababu safari za ndani ya China zilirudi mapema. Ukiwa laini ya 2 utapita stesheni ya Feixiang Park: hapo ndipo ulipokuwa uwanja wa zamani.

SWALI: Pawabenki yangu ni ya mAh 30,000. Itapita?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000. Utapata Wh, kipimo cha nishati ya betri. Yako ni Wh 111. Hadi Wh 100 hakuna kibali. Kati ya 100 na 160 omba shirika la ndege likuruhusu kabla ya safari. Zaidi ya 160 hairuhusiwi. Ibebe mkononi, kamwe usiiweke kwenye sanduku la kupakia. Kama utaunganisha ndege ya ndani, tuseme kutoka Yiwu, tangu 28 Juni 2025 pawabenki lazima iwe na alama ya 3C, ya usalama ya China, inayosomeka. Isiyo nayo huachwa kwenye ukaguzi, hata iwe ndogo.

SWALI: Kodi ya manunuzi hurudishwaje?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Ni kwa maduka yaliyosajiliwa tu, vibanda vingi vya jumla havimo. Nunua kuanzia yuani 200 duka moja siku moja, uombe fomu hapohapo dukani. Uwanjani, nenda forodha na bidhaa zenyewe, fomu, risiti na pasipoti kabla ya kukabidhi sanduku. Bidhaa iwe haijatumika, na isizidi siku 90 tangu uinunue. Kwa bidhaa nyingi za kawaida, baada ya makato ya huduma, yuani 1,000 hukurudishia karibu yuani 90. Sanduku likishakwenda, forodha hawana cha kukagua, na fedha hiyo umeikosa.